Hesabu Tisa za Nchi ya Tikiso

Safari yenyewe haina la kusimulia, ila miguu iliniuma na chakula kilikuwa kibaya. La kusimulia ni kwamba nilipofika mpakani mwa Tikiso, kabla sijaulizwa jina wala nitokako, askari mmoja mwenye uso wa upole alinisogelea, akanyanyua debe tupu, akalipiga rungu karibu kabisa na sikio langu la kushoto.

Mimi ni mkaguzi wa mizani mstaafu. Miaka thelathini na mmoja nimezunguka masokoni nikikamata mawe ya uongo, na katika kazi ile nimetukanwa na watu wa kila namna. Lakini debe sikioni sikuwahi kupigiwa. Nilimwambia yule askari maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, wajukuu zangu wanasoma. Yeye alikuwa anatazama kijiwe kilichoning'inizwa kwa uzi mrefu, kinakwenda na kurudi, na kila kikirudi anahesabu. Nilipoishiwa na matusi alikuwa amefika mia na arobaini. Akaandika, akapiga muhuri, akanikabidhi cheti: "Mgeni. Hushtuka upesi, hutulia polepole. Ana mkia mrefu."

"Mkia wa nani?" nikauliza.

"Mkia wa hasira, mzee wangu. Kile kinachobaki nyuma baada ya kishindo kwisha. Wengine tunao mfupi. Wewe Mungu amekujaalia." Kisha akanikaribisha nchini kwa heshima zote.

Nilikuja kuelewa kwamba hakunionea. Kila kitu Tikiso, ng'ombe, mlango, daraja, hata karani wa posta, kina pacha wake wa karatasi. Pacha ni mstari uliochorwa kwa wino, unaosema: ukikishtua kitu hiki, kitatikisika kiasi hiki, na kitatulia kwenye hesabu ya ngapi. Mapacha wote wamehifadhiwa katika jengo kubwa liitwalo Nyumba ya Mapacha, chini ya waziri wao maalumu. Kitu na pacha wake wanatakiwa wafanane. Wasipofanana, kitu kinatengenezwa. Niliuliza kama kuna siku pacha naye alitengenezwa. Watu wakanitazama kwa huruma, wakaniuliza kama nimekunywa maji ya kutosha.

Hata ndoa ni hivyo hivyo. Kijana akija kuposa, mama mkwe mtarajiwa humpokea vizuri, humwandalia chai, halafu ghafla huimwaga chai yote mchangani. Wazee wanahesabu. Akitulia kabla ya hesabu ya kumi na tano, ameoa. Nilisifu busara hiyo, nikauliza ndoa zenyewe zinadumu vipi. Mwenyeji wangu akasema zinavunjika sana, hasa mama mkwe akihamia.

"Sasa kwa nini msimjaribu kijana kwa kumwekea mama mkwe nyumbani mwezi mzima?"

"Mwezi mzima nani atahesabu?" akanijibu.

Mwenyeji wangu huyo alikuwa Bi Zamoyoni, mjane wa miaka kama hamsini na tano, mikono migumu, maneno machache. Mji mkuu wa Tikiso umejengwa juu ya bwawa, na nyumba, masoko na ofisi zote zimekaa juu ya vyelezo vya mafunjo yaliyofungwa matita matita. Bi Zamoyoni alikuwa msukaji wa vyelezo, kama mama yake na bibi yake. Kazi yake ya karibuni ilikuwa chelezo cha shule: watoto arobaini wangekaa hapo kila siku, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na chini yao maji yasiyopungua kimo cha watu wawili.

Siku ya tatu alinichukua nikaone chelezo hicho kikipimwa. Mpimaji ni Mrukaji Rasmi wa serikali, Bwana Kishindo, jitu nene lenye aibu, kazi kairithi kwa baba yake. Alifungwa kamba kiunoni, akapanda juu ya stuli, akaruka. Miguu ilipogusa tu mafunjo, wanaume wanne wakamvuta juu kwa kapi, akabaki ananing'inia hewani akisema samahani. Hiyo ndiyo sheria: kishindo kiwe kimoja, kikali, kisha kiondoke kabisa. Pembeni palikuwa na nguzo iliyochomekwa kwenye tope, ina alama za vidole. Chelezo kikazama vidole vitano, kikapanda, kikacheza, na kwenye hesabu ya tisa kikatulia. Karani, mwanamke kijana mwenye wino hadi kwenye kidevu, alichora mstari wa yote hayo. Akaleta pacha, akaiweka mistari miwili pamoja juu ya kioo. Ilifanana mpaka ukadhani ni mmoja. Watu wakapiga makofi.

Nami nikapiga, maana kazi nzuri naijua. Kisha kile kidudu cha ukaguzi kikaniuma. Nikamuuliza karani pacha huyu alichorwa kutokana na nini.

"Kutokana na mruko wa juzi."

"Aliruka nani juzi?"

"Bwana Kishindo."

"Juu ya chelezo kipi?"

"Hiki hiki, mzee."

"Binti yangu," nikamwambia, "kwetu mwenye duka akipima mizani yake kwa jiwe alilolichonga kutoka mizani hiyo hiyo, tunamfunga."

"Kwetu tunampa cheti," akasema, "kwa sababu jiwe na mizani vimeafikiana."

Nikaona pia kwamba karatasi yake iliishia hesabu ya ishirini. Karatasi zote Tikiso zimekatwa urefu huo kwa sheria. Na sheria nyingine inasema kitu chochote chembamba kuliko punje ya mchele kisiandikwe, ili mistari isichafuke. Ukweli ni kwamba mistari ile ilikuwa misafi ajabu.

Siku hiyo Bi Zamoyoni hakula chakula cha mchana. Nilijipakulia mtama wake mara mbili kabla sijagundua kuwa nala peke yangu. Nikamuuliza kulikoni, kazi yake si imepita?

"Imepita," akasema. "Lakini haikurudi."

Akanieleza. Kabla ya mruko alifunga uzi mwembamba kwenye nguzo, sawasawa na ukingo wa chelezo. Baada ya mruko, watu walipokuwa wanapiga makofi, yeye aliinama akautazama uzi. Chelezo kilikuwa chini ya uzi kwa unywele mmoja. Alikaa pale mpaka watu wakaondoka, na unywele ule ulikuwa bado upo.

"Unywele tu, bibi," nikasema. "Hata mimi nisingemfunga mtu kwa unywele."

"Kishindo ameruka mara moja akaondoka, akaacha unywele. Mtoto akikaa, ni kama anaruka, na anaruka tena, na tena, kila hesabu, wala hakuna wa kumvuta kwa kamba. Kila hesabu inaacha unywele wake. Haba na haba, mgeni wangu, wewe unajua inajaza nini. Mafunjo ya mwaka huu yalikatwa mvua ikinyesha. Ndani ni laini. Kishindo hakikai kutosha kuyafikia ya ndani."

Nimeishi na mizani maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba mzigo uliokaa ni vishindo vilivyopangwa foleni. Nikamwambia basi akakisuke upya. Akasema hawezi. Chelezo kikishapata cheti ni cha serikali, na msukaji akiitilia shaka kazi iliyopitishwa hunyang'anywa sindano yake ya kusukia, hasuki tena mpaka afe. Amewaambia wazazi wa watoto. Wamemjibu asijipunguzie sifa, kazi yake nzuri, imetulia hesabu tisa.

"Wajukuu zangu wawili ni katika hao arobaini," akasema. "Nikisema na nikakosea, sindano imekwenda. Nikinyamaza na niko sahihi..." Mimi nikaweka kijiko chini, kwa sababu njaa ilikuwa imenitoka.

Kulikuwa na njia moja. Sheria ya zamani, ya enzi za bibi yake, inaruhusu mtihani wa pili: mzigo wote uwekwe kwa mara moja, kisha uachwe, usiguswe. Haikufutwa, ilisahauliwa tu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukaa kutazama kitu kisichofanya lolote. Nayo inadai shahidi awe mgeni, asiye na kazi, na mwenye mkia wa hesabu zaidi ya mia, kwa hoja kwamba mtu anayenung'unika muda mrefu ndiye anayeangalia muda mrefu.

Bi Zamoyoni akakisoma cheti changu cha mpakani, kilikuwa kimebandikwa ukutani. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Kesho yake tulisimama mbele ya Waziri wa Mapacha, Mheshimiwa Shwari. Nilitegemea mtu mkali, nikamkuta mzee mchangamfu, mwenye sauti tamu na uwezo wa kusema sana. Bi Zamoyoni aliweka sindano yake juu ya sinia la shaba, kama sheria inavyotaka, akasema haja yake. Mheshimiwa alisikitika kwa dhati.

"Bibi, kishindo ni bwana wa mitihani," akasema. "Ndani ya kishindo mna kila kitu, wanaeleza hata wataalamu wetu. Mwenye kujua kitu kinavyojibu kishindo, anajua kitakavyojibu chochote."

"Kweli, Mheshimiwa, akikiandika chote," akajibu Bi Zamoyoni. "Sisi mkia tunaukata."

"Mkia ni mchafu. Nani anataka mkia?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Mheshimiwa. Kishindo kimekipiga kofi kitanda hicho. Naomba mtu alale."

Wakabishana hivyo mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Mwishowe sheria ikamlazimu, kwa sababu imeandikwa. Lakini ina vifungu viwili. Cha kwanza, watoto wasitumike, wapandishwe watumishi wa Nyumba ya Mapacha wenye uzito sawa. Hapo nilipata kazi, nikakopeshwa mizani, nikawapima wote. Watoto arobaini walitoka sawa na makarani kumi na sita, Bwana Kishindo, na Mheshimiwa mwenyewe. Wanakula vizuri katika nyumba ile. Cha pili ndicho kilichonitia baridi: ikifika hesabu ya ishirini na chelezo kimetulia, Waziri ana haki ya kutamka kwamba mtihani umefungwa, na akishatamka hakuna rufaa.

"Basi tumekwisha," nikamnong'oneza Bi Zamoyoni. "Kwenye ishirini hakutakuwa na kitu."

"Najua," akasema.

Siku ya mtihani mji mzima ulikuja ukingoni. Wazazi walikuja na watoto wao, wamewavalisha sare mpya kabisa, maana shule ilikuwa ifunguliwe siku hiyo hiyo baada ya upuuzi huu kwisha. Ngoma ikalia, na wale kumi na wanane wakapanda kwa hatua moja, wakaketi kwenye mabenchi. Chelezo kikazama vidole vinane, kikarudi juu hadi vitano, kikacheza kidogo, na kwenye hesabu ya tisa kikasimama kwenye vidole sita. Karani akanyanyua pacha wa mzigo huo, waliyemkokotoa kutokana na mruko wa Bwana Kishindo. Pacha alisema sita. Watu wakashangilia, na mimi, mtu mzima, nikasikia machozi ya hasira yananikaribia.

Hesabu ya ishirini ikafika. Karatasi ikaisha. Mheshimiwa Shwari akasimama, akatabasamu, akatazama ule umati uliotanda hadi mwisho wa bwawa. Bi Zamoyoni alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, na sinia lenye sindano lilikuwa mikononi mwa askari hatua tatu kutoka kwake.

"Kabla sijatamka kufunga," akasema Mheshimiwa, "naomba niseme machache."

Sijawahi kumpenda mwanasiasa kama nilivyompenda yule pale. Karani alikuwa anafuta kalamu. Nikamwambia mtihani haujafungwa, na shahidi anamwagiza aendelee. Akauliza aandike wapi na karatasi imekwisha. "Bandika nyingine," nikasema. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo, kisha akachukua gundi.

Mheshimiwa alianza na historia ya nchi. Kwenye karatasi ya nne alikuwa bado kwa mababu, na chelezo kilikuwa vidole sita na punje moja. Kwenye ya kumi alimfikia marehemu baba yake, na chelezo kilikuwa vidole saba. Hakuna aliyekiona kikishuka. Ukitazama hakiendi, ukitazama pembeni ukirudi kimekwenda. Karani aliacha kuuliza maswali. Alikuwa anabandika, anachora, anabandika, na utepe wa karatasi ulikuwa umeshapita mbele ya wazazi wote wa mstari wa kwanza, ambao waliushika kwa vidole ili usilowe, na walipoushika wakaanza kuusoma.

Kwenye karatasi ya ishirini na tisa maji yalipita juu ya ukingo wa chelezo. Kumi na saba waliokaa waliyahisi, niliona kwenye nyuso zao. Lakini Tikiso mtu hanyanyuki Waziri akisema, na isitoshe pacha alikuwa amesema pakavu. Karani mmoja mwandamizi alikunja suruali yake taratibu, akamwambia jirani yake kwamba leo kuna joto. Mheshimiwa wakati huo alikuwa amefika kwenye usahihi wa mapacha, ambao, alisema, ndio nguzo ya usalama wetu.

"Mheshimiwa," akasema Bwana Kishindo kwa sauti ndogo. "Miguu."

"Nitafika huko, ndugu yangu," akasema Mheshimiwa.

Akafika huko kwenye karatasi ya arobaini na sita, ukurasa wa hotuba ulipomponyoka ukaelea badala ya kuanguka. Akautazama unavyokwenda. Akatazama goti lake, ambalo maji yalikuwa yanalikaribia. Kisha akageuka kwa adabu zote.

"Bibi Zamoyoni, chelezo hiki kitatulia lini?"

"Ukimaliza hotuba, Mheshimiwa."

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa Mheshimiwa hakuwa amecheka. Alimuuliza karani amesema muda gani. Karani akamwambia karatasi arobaini na sita, yaani saa moja hivi, na akasema hivyo bila kuinua kichwa, maana alikuwa bado anachora.

"Na watoto wangekaa muda gani?"

"Mpaka adhuhuri," akasema Bi Zamoyoni. "Kila siku."

"Wadogo kabisa wana kimo gani?"

Bi Zamoyoni alimshika mkono mjukuu wake mdogo aliyekuwa ukingoni na sare yake mpya, akamsimamisha kando ya nguzo. Mheshimiwa Shwari alipima kwa macho, kutoka kichwa cha mtoto hadi maji, na kutoka maji hadi goti lake.

"Mrudishieni sindano yake," akasema. "Na tushukeni, mmoja mmoja, polepole."

Nisiwadanganye kwamba Tikiso ilibadilika. Wiki iliyofuata Nyumba ya Mapacha ilitangaza kwa fahari kuwa karatasi sasa zitakatwa urefu wa hesabu arobaini, na kwamba pacha wa chelezo kile, kwa kuwa hakuwa amekosea ndani ya ishirini, anabaki na cheti chake. Karani nilimkuta ofisini anashona karatasi tatu tatu kwa siri. Nikamwambia ajiangalie, akaniambia naye siku hizi ameota mkia.

Bi Zamoyoni alikisuka chelezo upya kwa mafunjo makavu, matita maradufu. Hakungoja mrukaji. Alipakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa watoto arobaini, akafunga uzi kwenye nguzo, akaketi. Nilimletea chakula, hakula. Nilimwambia apumzike, nimtazamie mimi, kazi ya mkia ni yangu. Akasema uzi ni wake. Siku ya kwanza chelezo kilishuka punje mbili. Siku ya pili kilisimama. Siku ya tatu, jua likiwa limeshapanda, aliinama, akaweka jicho sawasawa na uzi, akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Kimesimama," akasema.

Tulishusha mifuko wawili sisi. Nilipogeuka kumwambia neno, alikuwa amejilaza kwenye mafunjo, mlangoni kabisa mwa shule, kiganja chini ya shavu, anakoroma. Watoto walikuja na kelele zao zote na sare zao. Nilitaka kuwakemea wazunguke, lakini wa kwanza alishamruka, na wa pili, na wale thelathini na nane waliobaki wakamruka mmoja mmoja, puu, puu, puu, na yeye hakuamka.